Ngamia ndiye mwenye vifuko vingi, lakini watu wanaugua tegu wa kondoo: kisa cha Turkana

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikagua mifugo iliyochinjwa kaskazini mwa Turkana na kuhesabu wanyama waliokuwa na vifuko vya maji vya tegu mdogo wa mbwa kwenye ini na mapafu. Ngamia asilimia 61 walikuwa navyo. Ng'ombe, asilimia 19. Mbuzi hawakufika asilimia 5, na kondoo hawakufika hata 4. Mpe mtu takwimu hizi peke yake, umuulize ni mnyama gani anayewaletea Waturkana uvimbe wa maji tumboni, naye atajibu ngamia bila kusita. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya vifuko vilivyotolewa kwa wagonjwa 71 wa Turkana. Takriban asilimia 83 vilikuwa vya aina ya tegu inayohusishwa na kondoo. Vya ngamia vilikuwa asilimia 17 tu.

Kisa chote kimo katika pengo hilo. Nakichambua kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho kuhesabu vifuko machinjioni hakuwezi kukionyesha, na kwa sababu uamuzi wa wapi pa kupeleka dawa na chanjo katika kaunti yenye fedha chache unategemea jibu lake.

Tuanze na ugonjwa. Anayeusababisha ni tegu mdogo sana wa mbwa, Echinococcus granulosus. Wengi tukisikia tegu tunafikiria yule mrefu wa nyama ya ng'ombe, anayefika mita kadhaa ndani ya utumbo wa mtu. Huyu ana milimita 2 hadi 7. Ana kichwa chenye ndoano, shingo fupi na vipingili vitatu au vinne, kisha basi. Anaishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa, mara nyingi kwa maelfu, na mbwa haonyeshi dalili yoyote: anakula, anabweka, anacheza na watoto. Kipingili cha mwisho kikikomaa hujaa mayai, hukatika na kutoka na kinyesi. Yai halionekani kwa macho. Hushika kwenye manyoya ya mbwa, kwenye mchanga, kwenye majani na majini.

Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akilimeza, kiluwiluwi kinatoka, kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kukwama kwenye ini au mapafu. Hapo kinageuka kifuko cha maji maangavu kinachokua polepole kwa miaka. Ukuta wa ndani wa kifuko huotesha vichwa vichanga vya minyoo, maelfu kwa maelfu. Mbwa akila kifuko hicho, kila kichwa kinaweza kuwa mnyoo kamili, na baada ya wiki sita hivi mbwa huyo naye anaanza kumwaga mayai. Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, kwa kumeza yai. Kifuko chake hukua kimyakimya, pengine miaka kumi au zaidi, hadi mtu anapofika hospitali tumbo likiwa limevimba kama la mjamzito wa miezi minane, awe mwanamume au mwanamke. Kikipasuka ndani ya tumbo, mtu anaweza kufa papo hapo kwa mzio mkali, au akapona kisha akaota vifuko vingine vingi mahali maji yalikomwagika.

Makadirio yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalisema kwamba kaskazini mwa Turkana wagonjwa wapya walikuwa wanafika 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hakuna mahali duniani palipokuwa pamerekodi kiwango kikubwa kuliko hicho.

Tusogee karibu, pale maambukizi yanapotokea. Mbuzi anachinjwa chini ya mti, nje ya boma. Anayechuna anapasua tumbo, anatoa ini, na kwenye ukingo wake anaona lengelenge jeupe la ukubwa wa yai la kuku. Sehemu hiyo hailiwi na watu, kila mtu anajua. Anaikata kwa kisu na kuitupa kando, na mbwa wawili waliokaa hatua chache wakingoja wanaimaliza kabla haijapoa. Hakuna machinjio, hakuna shimo la kutupia, hakuna mkaguzi wa nyama. Kitendo hicho huchukua nusu dakika na hurudiwa mamia ya mara kwa mwaka katika kila kijiji, kwa sababu mbuzi na kondoo ndio wanaochinjwa mgeni akifika, kukiwa na sherehe, au mnyama akidhoofika wakati wa ukame. Ngamia hachinjwi hivyo. Ngamia ni maziwa, ni mahari, ni akiba ya miaka. Akichinjwa au akifa, ni tukio.

Kwa hiyo ile asilimia 61 ya ngamia inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ngamia anaishi miaka mingi, na kila mwaka anaokula majani ya nyika unamwongezea nafasi ya kumeza yai. Mbuzi anachinjwa akiwa bado kijana, vifuko vyake vikiwa vichache na vidogo. Ukilinganisha mzee na kijana, mzee ataonekana mgonjwa zaidi kila mara. Kumlisha mbwa ni jambo jingine, na hapo kinachohesabika ni ini ngapi zenye vifuko vilivyo hai zinatupwa kila wiki. Mbuzi na kondoo wa Turkana ni wengi kupita ngamia kwa mbali. Asilimia 4 ya kundi kubwa linalochinjwa kila siku humlisha mbwa kuliko asilimia 61 ya kundi dogo linalochinjwa kwa nadra. Na ng'ombe wenye ile asilimia 19? Aina ya kondoo ikiingia kwa ng'ombe, mara nyingi vifuko vyake huwa tasa, yaani ndani havina vichwa vichanga. Mbwa akivila hapati mnyoo. Ng'ombe anaumia, lakini mzunguko unaishia kwake.

Je, tunajuaje kwamba kifuko hiki ni cha "kondoo" na kile ni cha "ngamia", ikiwa kwa macho vyote ni maji na utando mweupe? Hadi miaka ya 1980 watafiti walitegemea umbo la ndoano za kichwani na kemia ya tishu, na walibishana sana. Mwaka 1992 Bowles, Blair na McManus huko Australia walisoma kipande kifupi cha vinasaba vya mitokondria (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, vyenye vinasaba vyake), herufi 366 tu, kutoka kwenye sampuli za nchi mbalimbali. Kipande hicho kilitosha kuzigawa katika makundi yaliyopewa namba zenye herufi G. G1 ilikuwa ya kondoo, G4 ya farasi, G5 ya ng'ombe, G6 ya ngamia. Zilikuwepo pia nyingine, kama G7 ya nguruwe, na baadaye G8 ya kulungu wa kaskazini. Mwaka uliofuata Wachira na wenzake, akiwemo Eberhard Zeyhle aliyeongoza kazi ya shirika la afya la AMREF huko Turkana kwa miaka mingi, walitumia mbinu hizo mpya kwa sampuli za Kenya. Walithibitisha kwamba Turkana aina mbili zinaishi pamoja, ya kondoo na ya ngamia, katika eneo moja na mbwa walewale, huku mbuzi akiweza kubeba zote mbili.

Leo wataalamu wengi hawaziiti tena aina mbili za mnyoo mmoja. G1 na jamaa yake wa karibu G3 ndio wanaobaki na jina la Echinococcus granulosus kwa maana finyu. G2, iliyowahi kuhesabiwa peke yake, imeonekana kuwa tofauti ndogo tu ndani ya G3. Ya ngamia imewekwa katika kundi la Echinococcus canadensis pamoja na ya nguruwe na za kulungu wa kaskazini. Ya ng'ombe imekuwa Echinococcus ortleppi. Majina yataendelea kubadilika. Kinachobaki ni kwamba umbali wa vinasaba kati ya mnyoo wa kondoo na mnyoo wa ngamia ni mkubwa kiasi kwamba kuwaweka kapu moja kunaficha mambo.

Moja ya mambo hayo linaonekana ukienda kaskazini zaidi. Nchini Sudan aina inayotawala kwa mifugo ni G6, kwa ngamia na hata kwa ng'ombe, ambao huko vifuko vyao huzaa. Mbwa wapo na ngamia ni wengi mno, lakini wagonjwa binadamu ni wachache ukilinganisha na Turkana. Dunia nzima picha ni hiyo hiyo: vifuko vingi vya binadamu vilivyopimwa ni vya G1, kuanzia Afrika Kaskazini na nchi za Mediterania hadi Asia ya Kati, China na Amerika Kusini. G6 humwambukiza mtu, na wale wagonjwa wa Turkana ni ushahidi, ila haifanyi hivyo kwa wepesi wa G1. Ukiweka pamoja wingi wa mbuzi na kondoo wanaochinjwa nyumbani na wepesi wa G1 kumwingia binadamu, pengo nililoanza nalo linaeleweka.

Hata hivyo vinasaba peke yake havimalizi hesabu, na hapa ndipo naona baadhi ya maandishi ya kitaalamu yanapita haraka mno. Wamaasai wa Kenya na Tanzania wana G1 tele kwenye mifugo yao. Wilayani Ngorongoro uchunguzi wa machinjio umewahi kukuta vifuko kwa karibu nusu ya ng'ombe na zaidi ya nusu ya kondoo. Wagonjwa binadamu wapo, lakini hawakuwahi kufika kiwango cha kaskazini mwa Turkana. Mnyoo ni yuleyule, mifugo ni ileile. Kilichotofautiana ni mbwa na maji. Turkana mbwa alilala ndani ya nyumba na mama na mtoto, akilinda, na watafiti wa miaka ya 1960 waliandika jinsi alivyokuwa akimlamba mtoto mchanga kumsafisha mahali ambapo maji ya kunawa hayapo. Hilo si la kumlaumu mama yeyote. Anayechimba mchanga wa laga, yaani mto mkavu, urefu wa mtu mzima kupata debe moja la maji hawezi kuambiwa aoshe mikono kila baada ya kumgusa mbwa, na kisima hichohicho mbwa naye anakunywa. Jua la Turkana huua mayai haraka yakiwa juu ya ardhi wazi. Ndani ya nyumba yenye kivuli na kando ya kisima chenye unyevu yanadumu. Kwa hiyo mayai yanabaki hai pale pale watu walipo.

Zamani pia wafu wengi hawakuzikwa, na mwaka 1983 mtafiti Macpherson alieleza kwamba kwa sababu hiyo binadamu wa Turkana angeweza kuwa sehemu hai ya mzunguko, wala si mwisho wake. Desturi hiyo imebadilika sana.

Narudi kwenye mnyoo wenyewe, maana uzazi wake ndio unaowafanya watafiti wa vinasaba wamshughulikie kwa namna ya pekee. Kila mnyoo ana sehemu za kiume na za kike, na anaweza kujirutubisha mwenyewe. Juu ya hapo, vichwa vyote vya kifuko kimoja vimetoka kwenye yai moja, kwa hiyo vina vinasaba sawasawa. Mbwa akila ini la mbuzi mmoja anaweza kupata minyoo elfu tano ambao kivinasaba ni mmoja tu. Hata wakipandana, ni sawa na kujirutubisha. Ukihesabu minyoo ndani ya mbwa huyo ukadhani umepata sampuli elfu tano, umejidanganya. Una sampuli moja. Ndiyo maana uchunguzi mzuri huhesabu vifuko kutoka wanyama tofauti na vijiji tofauti. Aina mbili zinaweza kuishi mbwa mmoja miaka nenda rudi bila kuchanganyika sana, na Turkana ndivyo zilivyodumu.

Kipande cha herufi 366 kilitosha kutofautisha kondoo na ngamia, lakini hakikutosha kusema mnyoo ametoka wapi. Mwaka 2018 kikundi cha kimataifa kilichapisha uchambuzi wa G1 kwa kusoma zaidi ya herufi 11,000 za mitokondria katika sampuli zaidi ya 200 za Asia, Ulaya, Afrika na Amerika Kusini. Tofauti zilizoonekana zilikuwa nyingi mno kuliko zilizojulikana awali, sampuli nyingi zikiwa na mfuatano wa peke yake. Dalili zilielekea Mashariki ya Kati kama kitovu cha kusambaa. Tafiti za awali katika eneo hilo zilikuwa tayari zimeona mfuatano mmoja wa kawaida ukiwa katikati, na mingine mingi ikitofautiana nao kwa herufi moja au mbili, kama inavyotokea pale ukoo mdogo unapoenea haraka kwenda kila upande. Huko ndiko kondoo na mbuzi walikofugwa kwanza, yapata miaka 10,000 iliyopita. Tegu alisafiri ndani ya ini zao na ndani ya mbwa waliowafuata. Amerika Kusini alifika kwa mifugo ya Wazungu, tena kwa safari zaidi ya moja.

Bonde la Ziwa Turkana lina mifupa ya mbuzi na kondoo ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, miongoni mwa ile ya zamani zaidi Afrika Mashariki. Kwa hiyo ni rahisi kusema G1 wa Turkana ni mgeni aliyeletwa na wafugaji kutoka kaskazini, na mjadala ufungwe.

Mimi siufungi. Jamaa wa karibu kabisa wa mnyoo wa kondoo ni Echinococcus felidis, tegu wa simba. Alielezwa kwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 1937, akasahaulika, kisha mwaka 2008 vinasaba vya sampuli za simba wa Uganda vikathibitisha kwamba ni aina kamili, na ndugu wa G1. Baadaye alikutwa pia kwa fisi na kwa ngiri. Halafu mwaka 2016 kikaja kifuko kilichotolewa kwa mgonjwa wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, upande wa mto Omo, jirani kabisa na Turkana. Vinasaba vyake havikulingana na G1 wala na wa simba. Viko karibu zaidi na G1, lakini nje ya kundi lake, na havikuwa vimekutwa kwa mifugo ya eneo hilo. Waliomchambua walimwita GOmo, wakakataa kumpa jina la aina mpya kwa kuwa walikuwa na sampuli moja tu, na wakasema huenda chanzo chake ni wanyamapori. Huo ndio uangalifu ninaoupenda katika sayansi. Ikiwa ndugu wawili wa karibu zaidi wa mnyoo wa kondoo wote ni wa Afrika, basi Mashariki ya Kati huenda ilikuwa kituo cha kuenea pamoja na mifugo, na asili ya ukoo wenyewe ikawa huku kwetu kabla mtu hajafuga mbuzi hata mmoja. Nalielekea wazo hilo, ingawa sampuli zitakazoamua bado zimo matumboni mwa wanyamapori wa Omo na Turkana.

Kwa upande wa tiba na kinga, mradi wa AMREF ulioanza mwaka 1983 ulifanya mambo kadhaa kwa pamoja: kuwapa mbwa dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli kila baada ya wiki sita hivi, muda unaolingana na ule wa mnyoo kukomaa, kupunguza mbwa wasio na wenyewe, kufundisha watu, na kupima vijiji kwa mashine ya altrasaundi ya kubebeka, kwa sababu vipimo vya damu vilikuwa vinawakosa wagonjwa wengi wa Turkana. Wagonjwa walifanyiwa upasuaji, wengine walipewa dawa ya albendazoli, na baadaye wengine walitobolewa kifuko kwa sindano na kunyonywa maji chini ya altrasaundi. Mwanzoni, zaidi ya nusu ya mbwa waliopasuliwa kaskazini-magharibi walikuwa na tegu. Kwa watu, kiwango kilichokuwa karibu asilimia 6 katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kimeshuka hadi kati ya 2 na 4 kufikia 2011 hivi. Ni mafanikio ya kweli, yaliyopatikana katika mazingira magumu sana. Ila asilimia 2 bado ni watu wawili katika kila mia wanaotembea na kifuko tumboni.

Sasa ipo chanjo ya mifugo, EG95, iliyotengenezwa na wanasayansi wa Australia na New Zealand miaka ya 1990, ambayo katika majaribio iliwakinga kondoo kwa zaidi ya asilimia 95. Ilitengenezwa kutokana na protini ya G1. Protini hiyohiyo ilipochunguzwa kwa G6 ilionekana kutofautiana kiasi cha kutia shaka kama kinga itafanya kazi vilevile. Wapo wanaosema basi Turkana, yenye ngamia wengi, si mahali pa kuanzia. Nadhani hesabu ya vinasaba inasema kinyume. Kama zaidi ya wanane katika kila wagonjwa kumi wana mnyoo wa kondoo, chanjo inayomlenga mnyoo huyo kwa mbuzi na kondoo inagusa sehemu kubwa ya tatizo la watu hata ngamia asipoguswa. Ngamia atashughulikiwa kupitia mbwa, kwa kuwa prazikwanteli haichagui kati ya G1 na G6.

Kazi yenyewe haiwezi kufanywa na Kaunti ya Turkana peke yake. Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom na Wadaasanach wa Ethiopia, Wakaramoja wa Uganda, wote wana mbwa, mbuzi na ugonjwa huu, na mifugo inavuka mipaka kufuata mvua kila mwaka. Vifuko vinavyotolewa katika hospitali za nchi hizo nne vihifadhiwe kwenye spiriti, visomwe vinasaba kwa urefu uleule, na mbwa wapewe dawa katika wiki zilezile pande zote za mpaka.